Anapumzika, Amepumzika

Neno lililoniua lilikuwa neno la adabu, na lilitoka kinywani mwa mtoto anayenipenda. Sina ugomvi naye. Mwajabu ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe, na adabu hiyo nimemfundisha mimi, tena kwa ukali. Kwa hiyo ukitaka kumtafuta muuaji usiende mbali. Anzia hapa, kwenye kiti hiki, kwa huyu mama mtu mzima aliyeweka miguu juu ya kigoda, mapazia kayafunga mchana kweupe, pedi ya gemu iko mkononi, anaendesha gari jekundu katika nchi ambayo hajui jina lake.

Simu ililia sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mwajabu akapokea. Nilimsikia vizuri kupitia mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Shomvi. Shangazi? Shangazi amepumzika."

Kimya.

"Ndiyo. Chumbani kwake. Sasa hivi tu, baada ya kula."

Kimya tena, kirefu zaidi.

"Ahsante, Bwana Shomvi. Tumeshapoa."

Halafu akavaa, akachukua mkoba, akaenda kusuka. Na fundi anayemsuka Mwajabu akishakamata kichwa cha mtu hakiachii mpaka jua lipoe. Nikabaki peke yangu na gari langu jekundu, sijui kama nimeshakufa.

Mtoto angesema nini? Ajibu kwamba shangazi yake, mwanamke aliyeendesha boza la maji mji mzima, aliyewahi kumshusha trafiki kwenye ngazi za gari lake kwa maneno matupu, sasa hivi yuko chumbani anacheza gemu? Aibu ingekuwa yetu sote. Akatafuta neno la heshima, akalipata. Lakini angesema anapumzika, ningekuwa hai mpaka sasa katika vinywa vya watu. Kasema amepumzika. Na Bwana Shomvi akasema poleni sana, na poleni yetu ndiyo hiyo hiyo moja, ya homa, ya safari, ya moto na ya msiba, na mtoto akaipokea kama ya ugonjwa wangu. Hakuna aliyesema uongo. Ni ile "na" na ile "me" tu. Mtu mzima na maisha yake yote anapita katikati ya silabi hizo mbili bila kugusa huku wala kule, anatokea upande wa pili hayupo. Nimeyafikiria haya sana tangu siku ile, na bado yananitia baridi.

*

Jina langu Siwatu. Mama alinipa jina hilo kwa hasira, siku aliyonizaa, baada ya majirani kumsema mimba nzima. Si watu, alisema, akiwakusudia wao. Wao wakaenda zao na mimi nikabaki na jina. Dada yangu anaitwa Sikudhani, kwa kuwa mama hakudhani kama atapata mtoto, akampata. Kwa hiyo mmoja wetu alikuja kama habari njema na mwingine kama jibu la masengenyo, na tukalala kitanda kimoja mpaka tulipoolewa.

Mji wetu ulikuwa na jina, likabadilishwa, likabadilishwa tena, mpaka watu wakachoka kulitaja. Siku hizi tunasema "hapa". Mabomba ya hapa hayatoi maji, yanatoa mlio. Miaka yangu yote ya nguvu mimi ndiye niliyewapelekea watu maji, na niliposimamisha boza mtaani hakuna aliyesema Siwatu amekuja. Walisema maji yamekuja. Nikiondoka walisema maji yameondoka. Sikulalamika, nilikuwa nacheka, na ukinitazama vizuri lilikuwa ndilo jina langu linafanya kazi yake.

Maji ndani ya boza yana tabia yake. Ukifunga breki, gari linasimama, maji hayasimami. Yanakuja mbele kwa hasira na kukusukuma mgongoni, na usipojua unajikuta katikati ya njia panda na taa nyekundu iko nyuma yako. Dereva wa boza hufunga breki mapema. Anafunga kwa ajili ya yule aliye nyuma yake, asiyeonekana, ambaye habari ya kusimama bado haijamfikia. Ukizoea hivyo huwezi tena kuendesha namna nyingine. Na mimi naona, lakini nani atanisikiliza, kwamba mtu mwenyewe yuko hivyo hivyo. Mwili unasimama, na kuna kitu nyuma yake bado kinakuja.

Nilipoanza kupata kizunguzungu nikapelekwa kwa daktari, kijana mpole. Akanishika mkono akasema, "Mama, umefanya kazi sana. Sasa pumzika." Nikamuuliza kupumzika kunafanywaje. Akacheka, akadhani namtania. Nilirudi nyumbani nikapumzika kwa kufagia, nikapumzika kwa kupanga makabati, nikapumzika kwa kugombana na Mwajabu, hadi yule mtoto akaona bora anitafutie shughuli nyingine. Akaniletea mashine yake ya gemu, akaiunga kwenye TV yangu, akanipa pedi.

"Ni gari tu, shangazi. Wenyewe wanashindana, lakini wewe hulazimishwi. Dunia yote iko wazi. Ukitaka unashindana, hutaki unazurura."

"Nikigonga?"

"Hufi. Gari linarudi lilivyokuwa."

"Na nikichoka?"

"Bonyeza hiki cha katikati. Kila kitu kitapumzika."

Siku ya kwanza nilifunga breki mapema, nikangoja maji yanisukume. Hayakuja. Gari lilikuwa tupu, halina mzigo, halina mtu wa kumpelekea kitu. Nilikaa pale njiani nikaona ajabu, nikataka kulia, nikaona upuuzi, nikakanyaga mafuta. Nchi ile wanaendesha upande wa kulia. Mimi nikabaki kushoto kwangu. Magari yakaja usoni yakinipigia honi, nikawapigia na mimi.

"Shangazi, umekosea upande," akasema Mwajabu.

"Na hao umewauliza?"

Sikubadilisha upande. Ila ukweli niuseme, nilipumzika. Nilipita kwenye milima yenye theluji, nikapita katika mashamba ya maua ya njano, jua likizama na kuchomoza kabla chai yangu haijapoa, na kichwa kikawa chepesi. Kuna mama mmoja ndani ya gemu, sauti tu, kila nikipita njia siyo ananiambia jambo kwa lugha yake. Nikawa namjibu. Nilimwambia mambo mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu mwenye masikio.

*

Sauti ya Bwana Shomvi niliposikia kwanza nilidhani ni ya gemu.

Bwana Shomvi ndiye mtangaza misiba wa mtaa wetu. Ana kipaza sauti chake mwenyewe na baiskeli yake mwenyewe, na hajawahi kukosea kifo; hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo inayomfanya aheshimiwe, kwa sababu hana nyingine. Simu ile alipiga kuniulizia hali. Sasa alikuwa anapita chini ya dirisha langu, anasema kwa sauti ile ya kuvuta: Bi Siwatu, dereva wa boza la maji, amefariki dunia, ndugu na jamaa popote walipo wapate habari hizi, akiwemo dada yake Bi Sikudhani wa kule bondeni.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikiwa nimeshika pedi, gari langu likiwa juu ya daraja. Nikasema sasa natoka, nampa huyu mzee maneno yatakayomtosha mwaka mzima. Nikainuka. Nikafika mlangoni. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo, kwani sipendi mtu kunifumania na gemu. Nikashika komeo.

Nje kulikuwa na watu tayari. Watu wa hapa kwa msiba ni wepesi, maji ndiyo wanayachelewa. Nilisikia turubai linaburutwa uani, nikasikia masufuria. Na nyuma ya mlango wangu, karibu kabisa, wanawake wawili walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini. Sikuwatambua sauti, ila wao habari zangu walizijua.

"Dada mtu ameshaambiwa?"

"Ameambiwa. Nimepiga mwenyewe. Hakujibu kitu, akakata."

"Atakuja kweli?"

"Aje wapi. Si aliapa? Mbele ya watu, siku ile ya kugawana vitu vya mama yao. Alisema ukifa, Siwatu, mimi kukuzika siji."

"Kwa sababu ya kinu."

"Kwa sababu ya kinu."

Nikaliacha komeo. Mkono ulirudi wenyewe.

Kinu cha mama kilikuwa cha mti mgumu, cheusi kwa uzee, kina mdomo uliolika upande mmoja. Siku ile dada alikinyanyua akakitia kichwani, na mimi nikang'ang'ania mchi, tukavutana maneno mlangoni mpaka watu wakakusanyika. Akaondoka na kinu. Mimi nikabaki na mchi. Tangu hapo yeye hana cha kutwangia na mimi sina pa kutwangia, na kila mmoja anangoja mwenzake aje kuazima. Mchi wangu unashikiza dirisha la jikoni lisijifunge. Alipoapa kwamba haji kunizika, nilimjibu, kwa kinywa changu hiki, "Wala mimi sitakungoja."

Sasa sikilizeni nilivyokuwa. Mimi ni mzima, nasikia kiu kidogo, mguu wa kushoto una ganzi. Nikifungua mlango huu nitakuwa hai, watu watacheka, watakula, watakwenda zao, na sitajua kamwe kama Sikudhani angekuja. Nikikaa nitajua. Aliye hai hawezi kujua ni nani atamzika. Jambo hilo ameachiwa maiti, na maiti habari haimfai kitu. Mimi peke yangu, kwa kosa la "me" moja, nilikuwa nimepewa nafasi ya kujua. Je, ungefungua?

Nilirudi kwenye kiti. Nilisema sitakungoja, dada. Basi nikangoja.

*

Mtu akaujaribu mlango, nikasikia kitasa. Mtu akasema, umefungwa kwa ndani, alijifungia mwenyewe maskini, alijua. Bwana Shomvi akasema, acheni, chumba cha marehemu hufunguliwa na ndugu, na Mwajabu simu yake haipokelewi. Mwingine akasema, mbona kuna mngurumo? Wakatega masikio wote, nikahisi kutega kwao kupitia ukutani. Gari langu lilikuwa linapanda mlima. Bwana Shomvi akasema, ni feni, wameiacha inazunguka kwa ajili ya joto, na wakatosheka, na wakaanza kunisema vizuri.

Wananisema vizuri. Huyu aliyeniita jeuri anasema nilikuwa mkweli. Huyu niliyemnyima maji kwa kuwa alinitukana anasema sikumnyima mtu maji hata siku moja. Namsikia mwanamke wanayemzungumzia na simjui. Mpole, mcheshi, mwenye subira. Ningependa kuonana naye. Kila wanachosema kinamjaza yeye na kunipunguza mimi, na nikitoka sasa watanitazama kwa masikitiko, si kwa kuwa nimekufa, bali kwa kuwa nimerudi na kumfukuza yule mwema. Kama watu wote wamekubaliana kwamba hupo, na wewe peke yako unapinga, kura zikipigwa nani anashinda?

Nikaendesha. Ningefanya nini kingine? Gari ndilo pekee lililokuwa linanitii.

Nikapita daraja, nikaingia mji, na hapa sijui nieleze vipi ili msiseme ni kile kizunguzungu. Watu wa mji ule hujawaona? Wanatembea kando ya barabara wamevaa makoti, hawana shughuli. Hawagongeki. Ukiwaelekea wanaruka pembeni, wanasimama tena, wanaendelea na safari, wala hawakutukani hata tusi moja. Lakini siku ile walikuwa wamevaa kanga. Mmoja alibeba sufuria kichwani. Nikapunguza mwendo. Yule mama wa kwenye gemu akasema neno, nami kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Alisema, kata kona hapa. Nikakata. Ilikuwa barabara ya kwetu, na vumbi lake, na bomba lake linalolia, na nyumba yangu mwisho, ina turubai la bluu uani.

Na kando ya barabara alisimama Sikudhani.

Alikuwa hana hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Amesimama na uso laini, anatazama mbele, kama watu wa mle wanavyotazama. Nikamsogelea taratibu, upande wangu wa kushoto, nimfungulie mlango. Akaruka pembeni. Nikarudi nyuma, nikamsogelea tena polepole kuliko nilivyowahi kuendesha gari lolote. Akaruka. Nikapiga honi ile ya boza, mbili fupi moja ndefu, ambayo angeijua hata usingizini, akaruka kwa wepesi wa msichana, akasimama, akaendelea kutazama mbele. Jua likazama, likachomoza. Nikajaribu mpaka mikono ikatoka jasho kwenye pedi. Hakuna nilipoweza kumfikia.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Nilikuwa nimeipenda dunia ile kwa kuwa haina mtu wa kuumia, na sikuwa nimefikiri kwamba mtu asiyeumia huwezi hata kumgusa. Nilimwita. Nilimwita dada yangu kwa sauti, kwenye TV. Nje mtu akasema, mmesikia? Mwingine akasema, ni majonzi tu hayo, nyamaza.

Ningetoka wakati ule. Nataka mjue hivyo. Nilishaweka pedi mapajani.

*

Kwanza dirisha la jikoni lilijifunga. Paa. Dirisha lile halijifungi mpaka utoe kinachoshikiza.

Nikatega sikio upande wa jikoni. Moyo ulikuwa unanipiga kwenye meno.

Uani sauti ya mwanamke ikasema, "Huu utatufaa?" na nyingine ikajibu, "Lete, kisamvu kimeshachambuliwa, tulikosa mchi tu."

Halafu nikasikia.

Mchi wangu ulikuwa unaingia katika kinu cha mama. Usiniulize nilijuaje. Kinu kile kimelika mdomo upande mmoja, na mtwangaji asiyekijua mchi wake hugonga ukingo kila mara, lakini anayekijua huuinamisha kidogo, na mlio unatoka mzito, chini kabisa, halafu una mkwaruzo mdogo wa kutoka. Nililala na mlio ule utoto wangu wote. Kwa hapa duniani walikuwa wamebaki wawili tu wenye mkono ule, na mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti, anasikiliza.

Amekuja. Amebeba kinu kutoka bondeni, kichwani, na umri ule. Nililia bila sauti, kamasi zikanitoka, nikajifuta kwa kanga. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata na sasa kilinikaa kifuani kama tonge kubwa. Maana amekuja kwa maiti. Nitampa nini nikimtokea hapa, mzima, nimeshiba wali?

Nikabonyeza kile cha katikati. Gari likasimama, moshi wake ukasimama hewani, na Sikudhani wa mle akasimama mguu mmoja juu. Nikazima TV. Chumba kikawa giza la mapazia. Nje wakasema, feni imezimika. Nikaenda mlangoni kwa ncha za vidole, nikavuta komeo, nikarudi kukaa. Hilo ndilo tendo langu lote. Sikuweza kufungua mlango, na sikuweza kuuacha umefungwa.

Kinu kilinyamaza. Nikasikia malapa yanaburuta ukumbini, na Bwana Shomvi akisema, pole sana Bi Sikudhani, wewe ndiye wa kuingia, maji ya kuoshea yapo tayari. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia na beseni, ukafungwa tena. Alitoka kwenye jua, hakuona kitu. Alikiendea kitanda moja kwa moja. Mimi nikiwa mapumzikoni kitanda sikitandiki. Mito na blanketi vilikuwa vimelala katikati, vina urefu wangu. Akaweka beseni chini. Akasimama, mgongo kanipa.

"Siwatu," akaiambia mito. "Nimekuja. Usijidai umeshinda."

Akainamisha macho miguuni kwake.

"Nilisema siji, na nilikuwa nasema kweli, mpaka simu ilipokuja. Nimevaa malapa mawili tofauti, Siwatu. Nimeona nikiwa njiani. Watu wameona, hakuna aliyeniambia." Akavuta pumzi. "Kile kinu kila nikikitazama nakuona umeng'ang'ania mchi mlangoni kwa mama. Nilitaka uje uniombe. Ungesema tu, dada, niazime kinu, ningekupa chote. Na wewe ulikuwa unangoja mimi. Najua. Kwani sikujui? Nilikupakata kabla hujaota jino."

Nilitaka kufungua mdomo. Nikaishika pedi kwa mikono miwili.

"Nisamehe," akasema. "Mimi nimeshakusamehe, tangu zamani, nilikuwa naona haya tu kuja. Basi, pumzika, mdogo wangu."

Akainamia beseni. Yangeishia pale ningekuwa na vyote. Lakini dada yangu hawezi kuacha neno likae peke yake, na mimi siwezi kuacha neno lipite.

"Ila ule mchi umeuharibu," akasema. "Umepasuka kichwa. Ulikuwa unagongea misumari?"

"Misumari gani," nikasema. "Nilishikizia dirisha."

Hakupiga kelele. Nilimwona mabega yanapanda, polepole, na kubaki juu. Aligeuka sehemu moja moja, uso mwisho. Akanitazama kwenye kiti, akatazama miguu yangu juu ya kigoda, akatazama pedi.

"Umekufa?"

"Napumzika, dada."

"Hicho nini?"

"Gemu. La magari."

"Watu wako nje na sanda," akasema, sauti yake haina kitu ndani. "Wewe unacheza gemu."

"Nilikuwa nakungoja."

Hilo nililisema kama mtu anavyotoa kitu cha mwisho mfukoni. Lilikuwa kweli, na lilikuwa baya. Nilimwona analishika, analigeuza, anaona upande wake wa chini: kwamba nilimsikia akitangaziwa, nilimsikia akitwanga, nilimwacha apande kutoka bondeni na kinu kichwani. Uso wake ukaanza kufunga.

"Yale niliyosema," akasema, "nilikuwa nazungumza na marehemu. Hayakuwa yako."

"Nimeshayasikia."

"Hukuyasikia."

"Dada, nimeyasikia."

"Nirudishie, Siwatu."

Sikuwa na namna ya kumrudishia. Ningalimrudishia, ili tu asinitazame vile. Nikakumbuka gari lile lisilobaki hata mkwaruzo, na watu wale wanaoruka pembeni, na huyu hapa hakuruka. Amesimama mbele yangu na malapa yake mawili tofauti, nimemgonga, ameumia, ninamwona ameumia.  Hakuna kitufe cha katikati.

Mlango ukagongwa. "Bi Sikudhani," Bwana Shomvi akaita kwa heshima. "Tayari? Kaburi limeshachimbwa, watu wanauliza. Mimi nimeshawatangazia alasiri, na sijawahi kukosea."

Dada akaenda mlangoni, akashika komeo. Nilimtazama mkono. Neno moja, na nitakuwa hai, na yeye atakuwa mwanamke aliyevunja kiapo chake kwa ajili ya gemu, mtaa mzima utamcheka mpaka aingie kaburini kwake yeye. Neno jingine, na atatoka atakaa nao chini ya turubai, na sijui, sijui kabisa, nani angekuja kunitoa humu. Nilikuwa nimejifungia ili nijue kama atakuja. Sasa nilikuwa mikononi mwake, na nilichokitaka tangu mwanzo kilikuwa hicho hicho, kuwa mikononi mwa mtu anayeweza kukataa.

"Bado," akasema kwenye mlango.

"Bado vipi, Bi Sikudhani?"

 Alisukuma komeo likaingia mahali pake. Akarudi, akaivuta ile mito pembeni kwa nguvu, akakaa kitandani mahali ilipokuwa, mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akanitazama usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya mlangoni kwa mama.

"Bado," akaniambia na mimi.